Shuka ya Kitanda cha Chelimo

Kuresoi, 2 Februari 2025

Mpendwa Chelimo,

Salamu nyingi mpaka huko Ujerumani. Baba yako ni mzima, anachimba viazi. Nyanya yako, Gogo, anakusalimia, mguu bado unamsumbua. Ndugu yako Kipkemei anakusalimia, na ile ng'ombe yako imezaa. Wewe je, unakula? Kwa simu maneno yangu hayaishi, ndiyo naandika.

Tangu uende, shuka ya kitanda chako haitulii. Kila asubuhi saa mbili naitandika, nikirudi ina mawimbi madogo madogo kama uji ukitaka kuchemka. Dirisha nimefunga. Gogo anasema niiache. Na hiyo kazi yako ni ya nini? Kanisani wananiuliza.

Mama yako

Munich, 23 Februari 2025

Mama mpendwa,

Niko salama, na nakula. Wasalimie wote, Gogo hasa.

Waambie natengeneza utando wa kaboni, unene wake chembe moja tu. Wataalamu wa zamani walisema kitu chembamba hivyo hakiwezi kusimama, kitajikunja kipotee. Kumbe kinasimama kwa sababu hakitulii. Kinajifanyia mawimbi chenyewe, hakuna anayekitikisa. Ukikivuta mpaka kinyooke kabisa, kinapasuka toka upande huu hadi ule.

Hayo mawimbi ya shuka ni panya tu, Mama. Lakini kila siku saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kwenu ni saa mbili, nasikia mwili ukivutwa pande zote nne, halafu unaachiliwa. Tafadhali usiitandike tena.

Binti yako, Chelimo

Kuresoi, 14 Machi 2025

Chelimo mwanangu,

Hapa wote ni wazima. Wewe je? Wewe je, mama?

Barua yako imefika leo Ijumaa. Jumanne akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kuomba kwetu, na unajua watoto wao hulazwa kitanda chako. Niliona aibu. Nikapiga shuka pasi ya makaa, nikaivuta, nikaishona kwa godoro pembe zote. Ikalala kama meza. Chelagat, mmoja wao, akanisifu, lakini mtoto wake alikataa kufunga macho hapo.

Simu yako imezima tangu hiyo Jumanne.

Leo nimekata nyuzi zote. Nimekaa hapa tangu asubuhi naiangalia. Haijatikisika. Gogo amekataa kuingia chumbani.

Sitaigusa tena. Tuma neno haraka, hata moja.

Mama yako