Eda Wakati wa Baridi

Magamba, 2 Juni 2025

Mdogo wangu Hashimu,

Asalaam aleikum. Natumai hamjambo huko Korogwe, wewe, wifi na watoto. Mimi nipo. Asante kwa kuja kumzika shemeji yako Athumani.

Ukungu umeshuka tangu juzi, haujapanda. Vidole vyangu vimeanza tena. Vinakuwa vyeupe kama mshumaa, halafu bluu, halafu sivisikii kabisa. Daktari alishasema damu haifiki huko kukiwa na baridi, nijifunike, nisikae karibu na moto kwa kuwa sitajua nikiungua. Marehemu alikuwa akitoka shamba la karoti ananiambia, "Haya, lete hao samaki wako," ananiwekea mikono kwapani mwake, huku akipiga kelele kama anachinjwa. Nilikuwa nacheka.

Sasa nakaa eda ndani ya nyumba yake. Jirani yangu Sabra ananiletea kuni.

Dada yako,
Hidaya

Korogwe, 9 Juni 2025

Dada Hidaya,

Shikamoo. Sisi wazima, ila barua yako imeninyima raha. Nimemuuliza shehe wetu. Amesema mgonjwa anaruhusiwa kuhama, eda ataimalizia kwa ndugu zake. Chumba kipo. Huku hata shuka ni mzigo. Wifi yako anasema, "Aje tulalamikie joto wote, mimi nimechoka kulalamika peke yangu."

Nije lini kukuchukua?

Mdogo wako,
Hashimu

Magamba, 18 Juni 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie wifi asinichekeshe, mbavu zinauma kwa kikohozi.

Siji, Hashimu. Mama mkwe nilipomgusia alisema, "Udongo wa mwanangu haujakauka, wewe unakimbilia Korogwe?"

Kuna jingine. Nilipasha jiwe motoni kama tulivyofanyiwa na mama, nikalizungushia kanga, nikaliweka miguuni. Sikusikia joto, nikalisogeza zaidi. Nilisikia harufu ya kanga inaungua, ndipo nikatazama. Vidole viwili vya mguu wa kulia vimebabuka. Haviumi, na hilo ndilo linanitia hofu.

Usije.

Dada yako,
Hidaya

Magamba, 21 Julai 2025

Mdogo wangu Hashimu,

Asalaam aleikum. Natumai mu wazima. Anayeandika ni Sabra, mimi nasema tu, kalamu haikai mkononi.

Hujaniandikia tangu Jumamosi ile uliyokuja na gari la kukodi ukarudi nalo tupu. Una haki. Mama mkwe mwenyewe alikuwa ameshanifungia nguo, akasema, "Nenda mwanangu, nilisema kwa uchungu." Ukabaki unaniuliza, "Sasa ni nani anakuzuia?" nami nikarudi ndani.

Hakuna aliyenizuia. Mto wake bado una harufu yake, na mwili wangu ukihisi baridi bado unamngoja aingie mlangoni. Huko kwenu kwenye joto ningeacha kumngoja. Niliogopa hilo kuliko mguu.

Vile vidole vimekuwa vyeusi. Hospitalini wamesema vitakatwa Alhamisi, na kama weusi umepanda, ni mguu. Nilimwuliza daktari kama ningeshuka mwezi uliopita ingekuwaje. Aliangalia dirishani.

Sabra analia, anasema nisiseme haya. Mwandikie, Sabra.

Sikuombi uje. Alhamisi ukiswali alfajiri, unikumbuke.

Dada yako,
Hidaya