Ilimba ya Mzee Chilewa

Dodoma, Jumapili, baada ya sala ya alasiri

Kwa mama yangu mpenzi, nyumbani Pangani.

Shikamoo mama. Kwanza niambie habari za mguu wako. Bado unavimba, au mafuta ya nyonyo yamesaidia? Na paa la jikoni, mmeliezeka, au mvua ikinyesha mnakinga matone kwa sufuria? Mimi nakula, nalala, nafundisha. Nazi huku tunaijua kwa kuisimulia tu. Chakula changu ni ugali wa uwele na mlenda, na upepo wa Dodoma unakutilia vumbi kwenye tonge kabla hujafumba mdomo. Kwa hiyo mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, mama, na aliyeuumiza ni huyo anayekusomea barua hii.

Saidi, usiruke mstari. Soma.

Mama, kazi yetu unaijua kwa jina, ngoja nikueleze. Katika shule hizi za serikali mimi nafundisha maarifa ya vitu: kwa nini mti mrefu huinua jiwe lililowashinda watu, kwa nini chuma hutanuka motoni, sauti inatoka wapi. Vyombo vya kufundishia tunaletewa kutoka pwani. Nililetewa kipimo cha joto kilichofika vipande viwili, na picha ya meli, nikawaonyeshe watoto ambao maji mengi waliyopata kuyaona ni ya lambo la ng'ombe. Tukakubaliana walimu watatu, mimi hapa, Saidi kule Kondoa, na mwenzetu wa Mpwapwa, tuwe na sanduku moja lizunguke shule zetu, na kila mmoja atie kitu chake kizuri. Kabla ya kutia tuliulizana: mtoto wa huku anakijua kitu hiki? Anaweza kukishika? Kitastahimili kichwa cha mpagazi? Mimi nikatia mizani niliyoitengeneza kwa vibuyu. Mwenzetu wa Mpwapwa akatia kamba na kapi mbili za mti za kuinulia mizigo. Saidi akatia sheria. Alisema kilichoingia sandukuni si cha mtu tena, ni cha shule zetu zote, asije mtu akaanza changu, changu. Tukamsifu kwa maneno hayo. Wajinga sisi.

Somo la sauti lilinishinda. Wanafunzi wangu Wagogo walikaa kimya wakinitazama kama mganga anayetabana. Ndipo nikakumbuka ilimba. Ni kibao chenye tumbo tupu, juu yake vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba, na penye tundu wanabandika utando wa buibui ili sauti ivume. Nikaenda Nkuhungu kwa Mzee Chilewa, babu wa mwanafunzi wangu mmoja, nikamwazima yake. Mzee mkali huyo, hasemi neno kabla hajavuta ugoro.

"Baba yangu aliitengeneza hii," akaniambia. "Haijapata kulala nje ya tembe hili. Itarudi lini?"

"Kabla hamjavuna, mzee."

"Wewe ndiye umesema."

Mama, laiti ungeliona somo lile! Nilinyunyiza unga juu ya kibao, nikapiga chuma kimoja, unga ukaanza kurukaruka. Darasa zima likasimama. "Mwalimu, unacheza! Unga unacheza!" Watoto ambao tangu waje hawakufungua vinywa, siku hiyo walinifundisha mimi: chuma kirefu kinatoa sauti nene, kifupi nyembamba, utando ukichanika sauti inakufa. Nilirudi nyumbani nikiimba peke yangu njiani.

Nikamwandikia Saidi, kwa sababu ningemwandikia nani mwingine? Ulimchukua siku dada yako, mama yake, alipozikwa, ukatunyonyesha wawili kwa pamoja. Tangu hapo sijawahi kupata furaha nikaila peke yangu. Akaijibu barua yangu upesi. Akataka ilimba itiwe sandukuni ifike Kondoa, maana watoto wake Warangi nao wana masikio. Nikamwambia kwamba ina mwenyewe, nikamtajia na jina la mwenyewe, nikamwambia lazima irudi kabla ya mavuno. Akaniandikia, "Ndugu yangu, unanijua." Nikaitia.

Mavuno yakakaribia. Saidi akaja mwenyewe kutoka Kondoa na sanduku limefungwa kamba, amehamishiwa Pangani, anakwenda kupanda gari la moshi. Nikafurahi jamani! Nilichinja jogoo wangu wa pekee. Nikamtandikia kitandani, mimi nikalala chini. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nilipomuuliza habari za ilimba akasema, "Kila kitu kimo sandukuni, utaona mwenyewe." Asubuhi nikambebea mzigo mpaka stesheni, nikampa na salamu zako. Gari lilipoondoka nikarudi, nikafungua kamba. Mizani imo. Kapi zimo. Hata ile picha ya meli, niliyoitandika chini ya sanduku, imo. Ilimba haimo.

Nikasema labda imesahauliwa Kondoa. Nilimtetea, mama, moyoni mwangu nilimtetea mpaka alipokuja Bakari, Mrangi anayetuletea asali. Nikamuomba akirudi Kondoa aniulizie shuleni. Akanishangaa.

"Kumbe mwalimu hujui? Bwana mkaguzi wa shule alikuja, akaonyeshwa unga unavyocheza. Akapiga makofi. Akauliza hekima hii ya nani, nduguyo akasema ni yake. Bwana akaitamani ile ilimba, anakusanya vitu vya watu apeleke kwao Ulaya. Nduguyo akampa kwa mikono miwili. Ndipo akapata Pangani yake."

Nikamwandikia Saidi. Jibu lake ninalo hapa: kilichoingia sandukuni ni cha shule, na shule ni ya serikali, basi yeye ameipa serikali kitu chake, kosa liko wapi? Kikulacho ki nguoni mwako. Kwamba amechukua somo langu, hilo ningelimeza, angalau ningelimeza kwa taabu. Lakini alikula jogoo wangu akijua! Alilala kitandani pangu akijua! Alinitazama usoni akaniambia nitaona mwenyewe.

Mzee Chilewa akaja shuleni mavuno yalipoanza. Hakuingia, alisimama mlangoni. Nikamwambia ukweli wote, kwamba si mimi, kwamba nimesalitiwa kama yeye. Akavuta ugoro wake taratibu.

"Huyo aliyeitoa ni nani kwako?"

"Ni ndugu yangu, mzee."

"Basi umeitoa wewe."

Akamshika mjukuu wake mkono wakaondoka. Kesho yake watoto wa Nkuhungu wote hawakuja. Akida anasema atatuma askari wawalete kwa kiboko. Nimemsihi asifanye hivyo, ameninunia. Sasa nafundisha madawati. Nikipita kwa watu sisalimiwi, na hapa mtu asiyesalimiwa ni kama aliyezikwa.

Mama, kuna jambo moja bado laweza kufanyika. Bwana mkaguzi yuko Tanga, vitu vyake vinangoja meli. Saidi anaweza kwenda kumwambia kwamba ilimba ile ina mwenyewe, na kwamba yeye hakuwa na haki ya kuitoa. Labda atarudishwa huku bara kwa aibu. Na arudishwe. Mimi sina uso wa kumwendea Bwana yule, hanijui, kwake mimi ni mwalimu mwenye wivu. Wewe ndiye mwenye neno kwa Saidi. Mwamuru aende.

Ningeweza kuandika kwa herufi za Kiarabu, akusomee mwalimu wa chuo cha Kurani, mtaa mzima usikie. Nimeandika kwa herufi za Kizungu kwa makusudi, kwa sababu hapo nyumbani kwetu anayezijua ni Saidi peke yake. Nimetaka ayaseme haya kwa kinywa chake, mbele yako. Ukiisha kuyasikia, mwombe mwalimu wa chuoni aniandikie kwa herufi za Kiarabu jibu lako. Lisipokuja, nitajua kwamba ulisomewa habari za mvua na afya njema, na kwamba ndugu yangu amekufa nikiwa mbali.

Nisalimie dada Mwanaidi na mumewe, na mtoto wao ambaye sijamwona. Msalimie mjomba, mwambie kofia aliyonishonea bado naivaa. Msalimie bibi mkunga aliyetupokea, mimi na Saidi. Mwalimu wa chuoni mpe mkono wangu, na majirani wote waliouliza na wasiouliza.

Mama, nimekuomba mengi na sijakuletea kitu. Niombee dua.

Nawe Saidi, sasa inua uso, umtazame mama.

Mwanao,
Athumani