Ulipima Kwanza, Baba Yetu Ezekia

Mwaka umetimia, Baba, tangu Agosti ile ya 1996 tulipokulaza kaburini Mwamkulu. Koti lako la kazi bado liko kwenye msumari. Mama hataki lifuliwe, ingawa linanuka ng'ombe.

Wafugaji walikuita Bwana Mifugo. Uliongea taratibu hata ng'ombe akikata kamba, na hukumsema mtu kwa kuchelewa kuleta mnyama wake.

Wengi wanakumbuka kijibwa cha jirani yetu Vénérande, cha aina ile ya wadogo ambao hata wakikua huenea kikapuni. Kilikuwa na ngiri ya kitovu, naye alitaka ukate siku hiyohiyo. Uliibonyeza kwa kidole, ikarudi ndani.

"Tusubiri akue, dada. Wadogo hivi hupoa upesi, na dawa ya usingizi ikizidi kidogo tu, haamki."

Mwezi haukuisha, Vénérande akarudi analia. Ngiri imekuwa ngumu, hairudi, mbwa anatapika.

"Leo kusubiri ndiko kutakakomuua," ukasema. "Nikikata anaweza kupona. Anaweza pia asiamke. Amua ukijua."

"Kata, Baba Cecilia. Ila hiyo nusukaputi ni nyingi kwa huyu. Mpe robokaputi!"

Mzee Kashinje, aliyekuwa ameleta ndama, alicheka mpaka akakaa chini. Wewe hukucheka. Ulimpima mbwa kwenye mzani wa karanga wa Mama, ukakadiria dawa, ukamzungushia chupa za maji ya moto. Alipozinduka ukampaka asali ya Inyonga kwenye ufizi, apate nguvu. Akapona. Mama aliusugua mzani wake huku akinung'unika.

Kisha utumbo wako ukajisokota. Hospitali walisema bila kupasuliwa huponi, na kwa moyo wako uliokuwa mgonjwa, usingizi wenyewe ni hatari. Mama akasema tungoje kwanza. Ukamshika mkono.

"Mama Cecilia, nimeshapima. Waambie wanipe nzima. Robo ni ya yule mbwa."

Alicheka huku analia, akakubali. Hukuamka.

Mwaka mzima Mama amejiuliza, ingekuwaje kama angekataa? Tunamjibu kwa maneno yako: mliamua mkijua.

Tunaokukumbuka ni mkeo Nyanzala, wanao Cecilia, Deusdedit na Glory, dada yako Pudensiana, Mzee Kashinje, na Vénérande, ambaye mbwa wake mpaka leo hapiti mlangoni kwetu bila kubebwa.

Yeye anakukumbuka kwa woga. Sisi kwa upendo, siku zote.