Mama Mawimbi, Mpima Vichwa vya Duniani na Angani

Mwaka umekatika, Mama Mawimbi, tangu ulipotutoka, na mumeo bado ana wivu.

Ulipenda vichwa vya watu. Asubuhi ulipima mawimbi ya ubongo wa majeruhi wa ajali. Mchana ukawageukia wale waliojitolea kulala wiki nzima nzima kichwa kikiwa chini kuliko miguu, damu iwapande kichwani kama inavyowapanda wanaanga wakielea huko juu. Ulitaka kujua ubongo uliogongwa unafanana wapi na ubongo ulioelea. Uliwavisha kofia ya nyaya, ukawapaka jeli nyweleni, polepole, huku ukiwauliza habari za mama zao.

Ulirudi nyumbani ukinukia jeli, mzee kanuna.

"Umeshinda unapapasa wanaume vichwa."

"Baba watoto, wale ni swali."

"Na mimi?"

"Wewe ni jibu nililokwisha kulipata."

Hakuridhika. Jumapili moja akainua kitanda chenu kwa matofali upande wa miguu, naye alale kama wao. Alipoamka kwa pupa, kizunguzungu kikampiga mweleka, akabusu fremu ya mlango. Ulicheka hadi ukakaa chini, kisha ukampeleka maabara ukamvisha kofia. Mpaka leo huwaapia wajukuu kwamba wivu wake uliunguza mashine na mtaa mzima ukakosa umeme. Wanamwamini, maskini.

Ubongo wako uliwaachia wenzako wa maabara, nasi tukakuzika bila huo. Hilo lilimkaa mzee kooni. "Akiwa hai niligawana nao saa zake," alisema, "sasa nagawana nao yeye mwenyewe."

Mwezi uliopita yule binti uliyemfundisha kazi, ambaye sasa ndiye mkuu wa maabara, alikuja nyumbani.

"Baba, mkitaka kuuzika ubongo wake, tutauleta. Mkituruhusu kubaki nao, bado una mengi ya kutufundisha. Uamuzi ni wako."

Sisi wanao tulijua jibu. Tulishaanza kunong'onezana habari za kaburi.

"Nani anaushika?" mzee akauliza.

"Mimi."

"Kwa upole?"

"Kama alivyonifundisha."

Akakuna kidevu. "Na humo ndani mmeniona mimi popote?"

Binti wa watu hakutaka kumdanganya. "Hapana, baba. Tunaona palipochakaa na palipo pazima. Aliyempenda, siku alizocheka, hayo hayaonekani kwa chombo chochote."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mzee akaegemea kiti, akatabasamu tabasamu la mtu aliyeshinda kesi.

"Basi kaeni nao, mwanangu. Nilidhani mmemchukua mzima mzima."

Mumeo, kifungua mimba na kitinda mimba wako, mkweo na wajukuu: kukusahau hatujui, wala hatuna nia ya kujifunza.