Bomba Lililosubiri Mgeni Rasmi

Dada Tekla,

Shikamoo. Usipoitikia nitajiitikia mwenyewe, unanijua mimi na ukimya hatuelewani. Naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya mfuniko wa tangi, maana tangu uondoke kiti kinanichoma. Hata kanisani nasimama nyuma na wachelewaji. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia nikianza sifa zangu, "Kaa chini kwanza, Beno, ndiyo uongope vizuri."

Mwanao ameota meno mawili ya chini, anamng'ata mama yetu kila akilishwa uji. Tumempa jina lako, ubishi kauchukua mwenyewe. Shemeji amevuna mpunga, ila amekonda, na maneno ameyapunguza. Mimi ni yule yule: fundi bomba namba moja kutoka Mlimba hadi Mang'ula, niliyefika Tunduma, nikafika na Dar, nikala wali wa hoteli nikawaambia huu ni ugonjwa, njooni Ifakara mle wali. Shule niliiacha darasa la sita, lakini maji yananisikiliza kuliko yanavyowasikiliza wenye vyeti.

Sasa na wewe nisikilize. Kuna jambo sijamwambia mtu.

Siku uchungu ulipokushika. Unajua kwetu mzazi anakwenda zahanati na vitu vyake: khanga, wembe, glavu, na ndoo ya maji, na hiyo ndoo anabeba ndugu. Ndugu nilikuwa mimi. Nilichota kwenye kile kisima cha wazi kando ya mashamba, nikaifunga nyuma ya baiskeli, nikaingia nayo chumba cha kujifungulia napiga mluzi. Na pale ukutani, hatua mbili kutoka kitandani kwako, kulikuwa na bomba langu. Jipya, limefunikwa kitambaa, limefungwa utepe mwekundu. Nje tangi limejaa pomoni. Ukaniuliza, "Si umeweka maji wewe?" Nikakujibu bado halijazinduliwa, tunasubiri mgeni rasmi. Ukacheka katikati ya uchungu wako. "Kwa hiyo nimwambie na mtoto asubiri mgeni rasmi?" Nesi akacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote.

Kishikio cha bomba kilikuwa mfukoni mwangu.

Watu wanailaumu kamati ya zahanati. Kamati ilifunga utepe tu, dada. Kishikio nilikitoa mimi, ili asije mtu akafungua kabla ya sherehe. Nilitaka maji yatoke mara ya kwanza mgeni akiyaona, na jina langu likisomwa mbele ya kijiji kizima. Nesi akanawa kwa kopo, kwa maji ya ndoo yangu. Siku ya tatu ukawaka homa. Hospitali ya Ifakara daktari hakutaja maji. Alisema uchafu umeingia kwenye kizazi, na mmechelewa kumleta. Ulitokea wapi, sikuuliza. Mimi, ninayeuliza mpaka bei ya vitu nisivyonunua.

Siku nane baada ya kukuzika mgeni akaja. Utepe ukakatwa, jina likasomwa, makofi. Nikawapungia mkono. Niliupunga kweli, dada, mkono huu huu ulioshika jeneza lako.

Tangu hapo situlii. Nikipita karibu na zahanati yoyote lazima nichungulie masinki, nifungue, nifunge, nifungue tena. Wananiita mkaguzi. Nacheka nao, halafu naenda kuchungulia nyingine.

Jumanne iliyopita nilikuwa namaliza kazi zahanati ya kijiji kingine, huko kwa wafugaji. Bomba tayari, tangi tayari, na katibu wa kamati amekwisha kufunga utepe wake. "Fundi, usiguse mpaka Jumamosi, mgeni rasmi anakuja." Wakati huo huo ikaingia pikipiki, imebeba binti wa Kisukuma uchungu umemkolea, na pikipiki ya pili nyuma yake, mama mkwe amekumbatia dumu la maji. Nikalitazama lile dumu. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Sikukata ule utepe, niliung'oa kwa kucha. Kwanza bomba likakohoa upepo, likatema kutu. Kisha yakaja, meupe. Nikamwambia nesi, nawa mama, nawa mpaka kwenye viwiko, na sabuni hii hapa, sabuni yangu ya kuogea. Nikatoka nje nikalizunguka lile jengo mpaka viatu vikajaa matope. Katibu ananifuata nyuma anafoka, "Umezindua wewe kama nani?" Nikamwambia, kama mdogo wake Tekla. Hakuelewa.

Mtoto ni wa kiume. Jumamosi wakafunga utepe mwingine kwenye bomba lililolowa, mgeni akakata, jina langu wakaliruka. Nisikudanganye, liliniuma kidogo. Ningekuwa sijaumia ungejua hii barua kaandika mtu mwingine. Jana nilipita tena kuchungulia. Siku ya saba, binti hana homa, amekaa mkekani ananyonyesha.

Sikuandikii ili unisamehe, maana ungenisamehe haraka na kunicheka juu yake, na mimi sitaki yaishe kirahisi hivyo. Nakuahidi mawili. Kila bomba nitakalofunga chumba cha kujifungulia litatoka maji siku hiyo hiyo, mgeni na atukute tumelowa. La pili ndilo linalonitetemesha: Jumapili baada ya misa nakwenda kwa shemeji na kile kishikio cha kwanza, maana siku ya sherehe nililifungia lile bomba kishikio kingine, chako sikuweza kukirudisha. Nitakiweka mezani na kumweleza yote, bila utani.

Akinifukuza, nitaondoka. Akiniambia kaa chini, dada, nitakaa.

Pumzika.

Mdogo wako,
Beno