Bibi Harusi Aliyegoma Kuvua Gauni

Chumba cha juu, nyuma ya fundi viatu
Jumapili asubuhi

Mdomo Mali, binamu yangu mpendwa,

Hujambo wewe? Kifua kimepona, au baridi ya huko bado inakutafuna? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, tena pale tu anapotaka kuulizwa hali.

Mwenzio nafanya kazi kwenye sinema! Usicheke. Natunza mavazi, nahakikisha gauni la leo linafanana na la jana. Nimejifundisha kwenye simu tu, na mambo yanakwenda.

Ila wanawake hatukuwa na pa kubadilishia nguo. Mimi nashika shuka nyuma ya gari, mafundi taa wanajifanya wanatafuta waya. Tukilalamika, bosi anasema, "Sinema ni kujitolea, dada zangu."

Basi Alhamisi, dada anayeigiza bibi harusi akasema, "Leo sivui." Akaondoka na gauni lake jeupe, akapita sokoni kwenye matope, akanunua vitunguu! Wauzaji wakamuuliza, "Bwana yuko wapi?" Akajibu, "Anatafuta chumba." Nilicheka mbavu zikauma.

Kesho yake akaja kalivaa vilevile, matope hadi magotini. Bosi akafoka, "Lifueni upesi!"

Nikamuuliza, "Sawa bosi, avulie wapi?"

Akaitazama ofisi yake yenye feni, akakuna kichwa, akatoa ufunguo. Sasa ndiyo chumba chetu, komeo kwa ndani!

Lakini sikia. Filamu ijayo amenipa ukuu wa mavazi, mimi huyu! Mkataba uko hapa mezani, na habari ya chumba haimo hata neno moja. Bosi anasema, "Si tumeshaelewana?" Wakili wa chama cha waigizaji anasema chumba ni haki yetu, ila cha mdomo ni upepo, kiandikwe. Bibi harusi naye kaniambia, "Mdogo wangu, ukiongeza mstari huo, anaweza kukuchania karatasi. Usipouongeza, utarudi kushika shuka."

Kesho asubuhi bosi anautaka mkataba, umeshasainiwa.

Msalimie shangazi, na huyo mwanao mtundu mfinye shavu kwa niaba yangu. Mungu akulinde, akupe na jua, hata la kuazima.

Ni mimi nikupendaye,
Mshika shuka (natumaini mstaafu)

Kalamu ninayo mkononi. Hebu niambie, Mdomo Mali: ungekuwa wewe, ungeandika mstari wa chumba kwanza au ungesaini kwanza?