Koti la Mume wa Mama Pushpa

Bi Tatu wangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza kukuandikia bila kukuamkia. Ungenisuta hukohuko uliko.

Nyumba ipo. Ghorofa la jirani limepanda mpaka limetuziba jua la asubuhi, lakini chumba cha mbele bado ni makumbusho ya mafundi wa Kariakoo, kama ulivyokiacha: vyerehani vya miguu, pasi za mkaa, futi zilizofutika namba. Bati lililokuwa likivuja nimelibadilisha. Wiki iliyopita walikuja watoto wa shule, nikawafanyia mzaha wako. Mmoja aliposhika pasi ambayo haijatiwa mkaa tangu sijazaliwa, nikamkemea, "Iko moto hiyo!" Akaurusha mkono kama kaungua kweli. Walicheka sana, nami nikageukia ukutani nijifute macho.

Bi Tatu, nimefanya jambo baya, na nimelifanya siku ya kuanua matanga yako.

Masika yale ulinipigia simu. "Zaituni, chumba kinavuja, njoo nikuonyeshe vitu nilikovihamishia." Nikakujibu kesho. Nilikuwa nimepata fremu yangu ya duka sokoni, nashona magauni ya harusi, sina muda hata wa kunywa chai. Kesho yangu ikawa wiki tatu. Tulikuwa wawili tu tuliojitolea kuyaendesha makumbusho yale, na tangu nipate fremu, miezi kadhaa, nilikuachia peke yako, wewe uliyenifundisha kushika mkasi. Simu iliyofuata ilitoka kwa dada yako, na ilikuwa ya msiba.

Siku ya tatu Bi Mwajuma, dada yako huyo, alifungua kabati lako akamwaga nguo mkekani zitolewe sadaka. "Toa zote," akaniambia, "marehemu anangoja thawabu zake." Katikati ya madera na kanga zako kulikuwa na koti la kiume, zito, rangi ya udongo. Nikadhani ni la marehemu mumeo. Sikuuliza mtu. Nikampa Mzee Shabani, yule mchukuzi aliyekubebea majora ya vitambaa miaka na miaka. Alilivaa palepale. Mikono ikamfunika vidole, wanawake wakacheka. Nikamvua, nikakaa kwenye cherehani chako barazani, nikaikata mikono ile inchi tatu, nikapinda, nikapiga pasi. Katika msiba wako wote, hiyo ndiyo saa pekee niliyojiona nina faida.

Ijumaa iliyofuata alikuja Mama Pushpa kutoka Upanga, akanipa pole, kisha akauliza koti la mume wake liko wapi.

Ndipo nikajua. Mumewe alikuwa fundi hapahapa Kariakoo, na koti lile ndilo la kwanza kulishona peke yake. Mama Pushpa alikuazima wewe koti hilo miezi ile ambayo mimi nilikuwa siji, mkakubaliana kwamba kila Ijumaa atapita kulitazama. Nikaangalia msumari mtupu ukutani, ulikolitoa ukalihamishia kabatini chumba kilipovuja, nikamwambia liko kwa dobi. Niliongopa bila hata kumeza mate. Ijumaa ya pili dobi amesafiri. Ya tatu dobi anaumwa. Ningeendelea ningemzika kabisa, dobi wa watu ambaye hata hayupo.

Nilikwenda kwa Mzee Shabani. Nilimkuta Mnazi Mmoja amepumzisha mkokoteni wake. Kabla sijafungua mdomo akanishukuru tena, akasema koti lile analivaa akienda msikitini, na kila akilivaa anakuombea dua. Sasa mimi ningesemaje? Nimnyang'anye mtu sadaka yako, na dua yako humohumo? Na hata ningelipata, ningelirudisha limekatwa mikono. Nikamuuliza hali ya mgongo wake, nikaondoka.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, Bi Tatu. Ule mpindo ungeusifu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Ijumaa ya nne nilimwambia Mama Pushpa ukweli. Nililia mpaka ikabidi yeye ndiye anibembeleze, yeye mwenye koti, akaniletea na maji. Nilipotulia akauliza jambo moja tu, "Vipande viko wapi?" Nikapekua gunia la mabaki, nikapata kimoja. Cha pili nilikwishakifanya kishikio cha pasi kule kwenye fremu yangu, kimeungua katikati. Sikuwa na uso wa kumwambia, lakini nilimwambia. Alikikunja kile kimoja, akakitia kwenye pochi, akaenda kupanda bajaji yake. Hakuniaga.

Jana ilikuwa Ijumaa tena. Nilifunga fremu mapema, nikakaa hapa barazani kwako toka mchana mpaka adhana ya magharibi. Hakuja.

Nimekaa nikajiuliza wewe ungefanya nini, halafu nikaona aibu hata kujiuliza, kwa sababu wewe usingefika hapa. Ungemuuliza Bi Mwajuma neno moja tu. Ungekuja ulipoitwa.

Nisamehe. Sijui kama msamaha unafika huko, ila nauomba.

Ninachoweza kukuahidi ni hiki. Mama Pushpa akilitaka koti lake, nitarudi kwa Mzee Shabani mimi mwenyewe, nimweleze kosa ni langu, jina lako lisiguswe, na nitamshonea koti jingine kwa vipimo vyake, ili yeye asipungukiwe koti na wewe usipungukiwe dua. Mama Pushpa asipolitaka, makumbusho nitayafungua vilevile kila Ijumaa. Na yeyote akiuliza msumari ule mbona mtupu, nitamweleza yote, pamoja na nani aliyeshika mkasi.

Mungu akulaze pema, mama yangu. Nikiweka kalamu chini naelekea Upanga. Anakaa ghorofa ya tatu, na sitashuka ngazi zake mpaka anifungulie, hata kama ni kwa kunifokea.

Mwanafunzi wako,
Zaituni